Momella Kabla na Baada ya Hatari!: Historia ya Ardhi Iliyojulikana kwa Filamu

Katika karne iliyopita ilizuka aina ya safari ambayo wasafiri wa kale hawakuijua, nayo ni ile ambayo mtu huiona nchi kwanza kwenye kioo, akavutwa na hadithi iliyosimuliwa juu yake, kisha akaifuata hadi ilipo ili asimame pale aliposimama mpiga picha. Wajapani ndio waliolikuza jambo hili likawa desturi yenye jina lake, seichi junrei, yaani hija ya mahali patakatifu, ingawa mahali penyewe aghalabu ni shule, ngazi za mtaani au kivuko cha reli kilichochorwa katika anime, ambazo ni filamu na tamthilia za michoro inayotembea. Wachoraji wa kazi hizo huenda kwanza mahali halisi na kamera, wakapiga picha za nguzo, vibao na paa za nyumba, kisha wakazichora kwa uaminifu mkubwa kiasi kwamba mtazamaji mwenye subira anaweza kuutambua mtaa wenyewe. Tamthilia ya Lucky Star ilipotangazwa mwaka 2007, vijana walimiminika katika hekalu la Washinomiya, mkoani Saitama, na filamu ya Kimi no Na wa ya mwaka 2016 ikazipa umaarufu ngazi za hekalu la Suga jijini Tokyo pamoja na mji wa Hida ulioko milimani. Mwaka huohuo wa 2016 kiliundwa chama cha kuratibu utalii wa aina hiyo, ambacho huteua maeneo 88, idadi iliyofuata mfano wa mahekalu 88 yanayozungukwa na mahujaji wa Kibudha katika kisiwa cha Shikoku.

Kaskazini mwa Tanzania hakuna mtaa unaojulikana kwa kuchorwa hivyo, lakini kuna ardhi iliyowahi kupata wageni wa namna hiyo miongo mingi kabla ya vijana wa Saitama, nayo ni Momella, upande wa kaskazini mashariki wa Mlima Meru, ambako filamu ya Kimarekani iliyopewa jina la Kiswahili, Hatari!, ilipigwa picha kabla tu ya Uhuru wa Tanganyika. Historia ya mahali hapo inastahili kusimuliwa kwa urefu, kwa kuwa filamu hiyo iliingia katika ardhi ambayo chini ya miaka kumi nyuma ilikuwa imetikisa kumbi za Umoja wa Mataifa, na wageni walioifuata filamu walifika hapo wakiwa na picha kamili ya vifaru na twiga bila picha yoyote ya watu waliofukuzwa jirani yake.

Njia ya kwenda huko yenyewe ni sehemu ya historia. Sakina iko upande wa magharibi wa Arusha, kando ya barabara iendayo Ngaramtoni, Longido na Namanga, na katika miaka ya ukoloni mtu aliyetoka Nairobi kwa gari aliingia mjini kupitia upande huo, akiwa ameuona Mlima Meru ukikua mbele yake tangu nyanda za Longido. Leo barabara kuu kutoka Sakina hadi Tengeru, yenye urefu wa kilomita 14.1, imepanuliwa ikawa ya njia nne, nayo hulipita jiji kutoka magharibi hadi mashariki na kumfikisha msafiri katika migomba na kahawa za Wameru. Kutoka Tengeru msafiri huendelea hadi Usa River, na mbele kidogo huiacha lami kuu na kushika kushoto kuelekea lango la Ngurdoto, ambalo ni mlango wa kusini wa Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na baada ya msitu wa mbega weusi kwa weupe ndipo hufunguka maziwa ya Momella, ambayo maji yake ni ya magadi na ndiyo sababu ya heroe kukusanyika humo kwa wingi.

Maziwa hayo ni zao la maafa ya kale. Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, ni volkano ambayo maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, ukaacha ukuta mkubwa wa mawe uliopinda kama kiatu cha farasi, na matope yaliyomwagika kutoka humo yalienea hadi mbali na kuacha mabonde madogo ambamo maji yalijikusanya. Mtu aliyesimama Momella huuona mlima uliopasuka upande mmoja, na siku za mawingu machache huiona Kilimanjaro upande wa pili. Ni mandhari ambayo mwongozaji yeyote wa filamu angeitamani, na ni vigumu kumlaumu aliyeichagua.

Hata hivyo, mandhari hayo yalikuwa na wenyewe. Wameru waliishi kwenye miteremko ya kusini na mashariki wakilima vihamba vyao, yaani mashamba ya migomba yaliyorithiwa ndani ya ukoo, huku wakichunga ng'ombe katika nyika ya kaskazini, na Waarusha, ndugu wa Wamaasai kwa lugha na rika, walilima upande wa kusini magharibi ambako Sakina na Ngaramtoni ziko sasa. Mnamo Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, katika nchi ya Wameru, na Wajerumani wakajibu kwa majeshi, wakateketeza nyumba, wakateka mifugo, na miaka michache baadaye, karibu na mwaka 1900, wakasimamisha boma la Arusha ambalo bado limesimama katikati ya jiji likiwa jumba la makumbusho. Baada ya silaha ilifuata kalamu ya mgawa ardhi. Makaburu waliohama Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza walipewa mashamba kaskazini mwa Meru katika miaka ya 1904 na 1905, walowezi wa Kijerumani wakafuata, na mlima ukazungukwa na mashamba ya wageni hata Wameru na Waarusha wakabanwa kati ya mashamba hayo na msitu wa juu uliofanywa mali ya serikali.

Miongoni mwa walowezi hao alikuwamo Margarete Trappe, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1884 na kufika nchini na mumewe Ulrich mwaka 1907. Familia hiyo ilianzisha shamba Momella, na Margarete akapata jina kubwa kwa upandaji farasi na uwindaji, hata huhesabiwa kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza Afrika Mashariki kuufanya uwindaji kuwa kazi ya kulipwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza aliyasaidia majeshi ya Wajerumani, na vita vilipokwisha Waingereza walizitwaa mali za Wajerumani, ikawa lazima aanze upya alipopata nafasi ya kurejea. Alifariki mwaka 1957 na kuzikwa Momella. Husimuliwa kwamba tembo walifika kuizunguka nyumba yake siku alipokufa, simulizi ambayo haithibitiki, lakini inaonyesha namna ambavyo hata kabla ya filamu Momella ilikwisha kuanza kusemwa kwa lugha ya hadithi, na hadithi yenyewe ilikuwa ya mlowezi na wanyama wake.

Hadithi nyingine ya miaka hiyohiyo, iliyotokea katika ujirani huohuo, haikupata msimulizi wa namna hiyo. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza iliyoidhamini Tanganyika ilimteua Jaji Mark Wilson kuchunguza mgawanyo wa ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi, na mapendekezo yake yalikuwa na shabaha ya kuziweka ardhi za Wazungu kati ya Meru na Kilimanjaro pamoja, bila kukatizwa na ardhi za Waafrika, ili paanzishwe ufugaji mkubwa wa ng'ombe. Kwa mpango huo Wameru waliokuwa Ngare Nanyuki, kaskazini tu ya Momella, walitakiwa kuhamia Kingori, mahali walipopakataa kwa sababu ya joto na magonjwa ya watu na mifugo. Sehemu ya ardhi waliyotakiwa kuiacha walikuwa wameipata tena kutoka kwa walowezi kwa kuinunua kwa fedha zao wenyewe. Walikataa kuondoka, wakakataa fidia, na tarehe 17 Novemba 1951 askari walianza kuwaondoa kwa nguvu: watu wapatao 3,000 walitolewa, nyumba zao zikachomwa moto, na mifugo ikaswagwa.

Wameru hawakujibu kwa mikuki. Walichanga fedha kijiji kwa kijiji, wakamchagua Kirilo Japhet, kijana aliyesoma shule za misheni, na kumtuma New York pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Julai 1952 Kirilo alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini, chombo cha Umoja wa Mataifa kilichosimamia nchi zilizowekwa chini ya mataifa mengine, akawa Mwafrika wa kwanza wa Tanganyika kupeleka malalamiko ya watu wake mahali hapo, miaka mitatu kabla ya Julius Nyerere kusimama katika jengo hilohilo. Suala lake lilipofika katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa halikupata theluthi mbili za kura zilizohitajika, na kwa hesabu ya siku hiyo alishindwa. Lakini alirudi na kuzunguka nchi akiwaeleza watu yaliyompata, na wanahistoria wengi wa harakati za Uhuru huihesabu kesi ya ardhi ya Wameru kuwa mojawapo ya vichocheo vilivyoandaa udongo ambao chama cha TANU, kilichoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, kiliota mizizi ndani yake.

Huo ndio uwanja ambao Howard Hawks, mwongozaji mashuhuri wa Marekani, alifika na kikosi chake mwishoni mwa mwaka 1960. Nyerere alikuwa ameshika uwaziri kiongozi tangu Septemba mwaka huo, na serikali ya madaraka ilikuwa mbioni. Kampuni ya Paramount iligharimia filamu kuhusu kundi la wakamata wanyama waliokuwa wakiuza wanyama hai kwa bustani za wanyama za nje, biashara iliyokuwapo kweli Tanganyika wakati huo. Kiongozi wa kundi katika hadithi, Sean Mercer, aliigizwa na John Wayne. Mpiga picha wa Kiitalia anayefika bila kutarajiwa aliigizwa na Elsa Martinelli. Hardy Krüger wa Ujerumani, Gérard Blain wa Ufaransa na Red Buttons wa Marekani walikuwa wakamataji wenzake Mercer, na shamba lao katika hadithi liliitwa Momella, jina halisi la mahali halisi.

Namna filamu hiyo ilivyotengenezwa ndiyo iliyoipa nguvu ya kuvuta wageni baadaye. Katika ukamataji Hawks hakutaka wanyama waliofunzwa wala picha za kuunganishwa studio. Leigh Brackett aliandika mchezo wenyewe, lakini matukio ya ukamataji yalitegemea kile ambacho nyika ilitoa siku hiyo, na waigizaji walipanda magari wao wenyewe chini ya uongozi wa mkamataji mzoefu, Willy de Beer. Wayne aliketi kwenye kiti kilichofungwa juu ya tairi la mbele la lori, akiwa na mti mrefu wenye kitanzi cha kamba, na gari lilipomkaribia mnyama kwa mwendo mkali alimtupia kitanzi shingoni. Kifaru anayekamatwa, akakata kamba, akakamatwa tena, ni kifaru wa mwituni kweli. Mpiga picha Russell Harlan aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, na muziki wa Henry Mancini, hasa kipande cha mwendo wa watoto wa tembo, ulienea duniani kote na kumpatia tuzo ya Grammy kwa upangaji wa muziki. Filamu ilitoka mwaka 1962, ikiwa na urefu wa zaidi ya saa mbili na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo haina njama yoyote zaidi ya gari, vumbi na mnyama. Kwa mtazamaji wa Hamburg, Paris au Tokyo ambaye hakuwahi kuiona Afrika, mandhari yalikuwa mhusika mkuu.

Mji wa Arusha nao uliingia katika hadithi. Karibu na mwisho, yule mpiga picha wa Kiitalia anapotoroka kwa sababu ya mapenzi yaliyomchanganya, wenzake huwatumia watoto wa tembo aliowalea kumtafuta kwa harufu, nao hukimbia mitaani, wakaparamia maduka na kuingia hotelini. Arusha ya wakati huo ilikuwa mji mdogo wa maduka ya Wahindi, mahoteli ya walowezi na mnara wa saa ambao wenyeji huuhesabu kuwa katikati ya njia ya Cape Town na Cairo, na mtu mzima wa leo aliyekulia mjini huweza kuzisimamisha picha hizo na kuonyesha ni wapi jengo fulani lilikuwa kabla ya kubomolewa. Kwa historia ya jiji ambalo limebadilika haraka, picha hizo za rangi ni hazina halisi, na zinastahili kutazamwa na wanafunzi wa Arusha kama wanavyotazama ramani za zamani.

Watu wa mji na vijiji, lakini, walipewa nafasi finyu. Waafrika katika filamu ni watumishi, wasaidizi wa ukamataji na wanakijiji. Waarusha, wanaotajwa kwa jina, huonekana katika tukio la kumpa mpiga picha huyo wa Kiitalia jina la Mama Tembo na kumpamba kwa shangwe, kana kwamba kazi yao ilikuwa kushangilia. Waarusha halisi wa miaka hiyo walikuwa wakulima wa kahawa na mahindi wenye mabaraza na wasemaji wa marika waliosuluhisha mashauri kwa mijadala mirefu, mfumo ambao mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, aliyeishi miongoni mwao katika miaka ya 1950, aliuchambua katika kitabu kizima kilichotoka mwaka 1963. Vitabu hivyo viwili vya Arusha, kimoja cha picha na kimoja cha karatasi, vilitoka karibu wakati mmoja. Cha picha kilionwa na mamilioni, na cha karatasi kilibaki mikononi mwa wasomi. Aliyejengewa picha ya Waarusha na filamu peke yake angepita Sakina bila kujua kwamba anapita katika nchi ya watu wenye sheria.

Kuhusu Ngare Nanyuki filamu haisemi neno. Haiwezekani kumdai mwongozaji wa filamu ya burudani asimulie kesi ya ardhi, na hakuna haja ya kumdai. Tatizo lipo katika kilichofuata, pale ambapo picha iliyotengenezwa kwa burudani ilipogeuka kuwa maelezo pekee ya mahali, na mgeni akaamini kwamba nyika ile ilikuwa tupu tangu mwanzo, wakati utupu wa sehemu yake ulikuwa umetengenezwa na askari chini ya miaka kumi kabla ya kamera kuwasili.

Mwaka 1961 wenyewe ulikuwa na mchanganyiko wa ajabu katika mji huo mmoja. Wakati filamu ilipokuwa bado haijatoka, mwezi Septemba, Arusha ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kimataifa kuhusu uhifadhi wa maliasili katika nchi mpya za Afrika, na hapo likatolewa tamko la Nyerere linalojulikana kama Azimio la Arusha la wanyamapori, ambalo halipaswi kuchanganywa na Azimio la Arusha la Ujamaa la mwaka 1967. Katika tamko hilo serikali ya Tanganyika iliahidi kuwalinda wanyama kwa faida ya vizazi vijavyo na kuomba msaada wa dunia. Ngurdoto ilikuwa imekwisha kutangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1960, na kufikia mwaka 1967 maziwa ya Momella na Mlima Meru yaliunganishwa nayo, jina likawa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Ukamataji uliotukuzwa na filamu ukawa jambo lisiloruhusiwa katika ardhi ileile iliyoutangaza.

Kati ya waigizaji wote, ni Hardy Krüger aliyegeuka kuwa mkazi. Mjerumani huyo aliyezaliwa Berlin mwaka 1928 alinunua ardhi ya Momella, akajenga nyumba na hoteli ndogo ya wageni, na akaishi huko kwa takribani miaka 13 huku akisafiri kwenda kuigiza. Kitabu chake kuhusu shamba hilo, kilichochapwa Ujerumani mwaka 1970, kiliwafikia wasomaji wengi waliokwisha kuiona filamu, na hivyo Momella ikapata kile ambacho mahali pa hija huhitaji, yaani picha, kitabu na mtu anayejulikana aliyekuwa akiishi hapo. Sera za Ujamaa zilipobadilisha umiliki wa mashamba makubwa katika miaka ya 1970, Krüger aliondoka. Alifariki Marekani mwaka 2022 akiwa na miaka 93. Nyumba yake ya zamani, nje kidogo ya mpaka wa hifadhi, imekuwa loji ya watalii iliyochukua jina la filamu, na imepambwa kwa mtindo wa miaka ya 1960 na 1970 ili mgeni ajihisi ameingia katika enzi hiyo.

Anayefika Momella kwa ajili ya filamu hukuta mambo mawili yaliyobaki na moja lililotoweka. Umbo la mlima ni lilelile, na twiga na nyati bado hupita mbele yake kwa wingi. Kifaru hayupo tena. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwamaliza vifaru weusi katika sehemu kubwa ya Tanzania, hata serikali ikalazimika kuanzisha Operesheni Uhai mwaka 1989 dhidi ya majangili, na katika Hifadhi ya Arusha hawakupona. Mnyama aliyebeba tukio kubwa kuliko yote katika filamu amekuwa wa kuonekana kwenye filamu tu, jambo ambalo mahujaji wa anime hawakutani nalo, maana ngazi za Suga bado ni ngazi na reli bado ni reli. Hapa ndipo filamu ile, bila kukusudia, ilipogeuka kuwa ushahidi wa kumbukumbu: inaonyesha wingi wa wanyama ambao watoto wa Ngare Nanyuki na Sakina wa leo husimuliwa tu na babu zao.

Afrika Mashariki ina mifano mingine ya ardhi iliyosukumwa mbele na kioo. Nairobi, nyumba ya mwandishi wa Kidenmark Karen Blixen, ambayo serikali ya Denmark iliikabidhi Kenya wakati wa Uhuru, ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986, mwaka mmoja baada ya filamu iliyotokana na maisha yake kuwapagawisha watazamaji wa Ulaya na Marekani. Wachoraji wa kampuni ya Disney walikwenda Kenya mwaka 1991 kuchora nyika kwa ajili ya katuni ya simba iliyotoka mwaka 1994, na waongoza watalii wa Hell's Gate huonyesha majabali wanayoyahusisha na michoro hiyo, mfano ambao kati ya yote ndio ulio karibu zaidi na hija ya Wajapani, kwa kuwa mgeni hulinganisha mchoro na jiwe. Tanzania ilichelewa kuitumia nguvu hiyo kwa makusudi, lakini tarehe 28 Aprili 2022 filamu ya Royal Tour, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan anamwongoza mtangazaji wa Kimarekani Peter Greenberg kuzunguka nchi, ilizinduliwa jijini Arusha siku chache baada ya uzinduzi wa New York. Humo aliyeshika nafasi ya kuonyesha ardhi mbele ya kamera alikuwa Mtanzania na kiongozi wa nchi yenyewe, na tofauti kati ya nafasi hiyo na ile waliyopewa Waarusha mwaka 1961 ni kubwa kuliko takwimu yoyote ya watalii.

Kilichobaki ni njia. Wajapani walipoona vijana wanamiminika Washinomiya hawakuwaacha wapige picha na kuondoka; wafanyabiashara na waumini wa hekalu waliwapa nafasi katika sherehe zao za kubeba kiti cha mungu wao, na mgeni wa katuni akaijua ibada ya kale. Meru ina uwezo wa kufanya hivyo kwa urahisi mkubwa, kwa kuwa historia yake imejipanga kando ya barabara moja. Anayeanza Sakina asubuhi, katika nchi ya Waarusha, hulipita boma la Wajerumani lililo katikati ya jiji, kisha hufika Tengeru, ambako maelfu ya wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto, walihifadhiwa tangu mwaka 1942, na ambako jamaa zao hadi leo huja kutembelea makaburi. Akeri ya mwaka 1896 iko jirani, na Poli, nyumbani kwa Kirilo Japhet, iko upande huohuo wa mlima. Baada ya Usa River, lango la Ngurdoto, maziwa na nyumba ya Krüger, barabara haiishii hapo: hutokea upande wa kaskazini wa hifadhi na kuingia Ngare Nanyuki, ambako Wameru wanaishi tena na kulima, hasa nyanya, ambazo magari huzishusha kila siku hadi masoko ya Arusha. Waongoza watalii wengi hugeuza gari Momella. Kutoka hapo hadi mahali nyumba zilipochomwa Novemba 1951 ni mwendo mfupi, na mgeni aliyesafiri kutoka bara jingine kwa ajili ya filamu ana nafasi ya kutosha katika siku hiyohiyo kufika, kuketi na wazee wa kijiji, na kusikia kutoka kwao majina ya waliochanga fedha za kumpeleka Kirilo New York.